Carl Auer von Welsbach: Mkemia aliyewasha taa za dagaa na kuacha chembe ndani ya chuma

Usiku usio na mbalamwezi, mtu akisimama kwenye mwinuko wa Ujiji au juu ya mwalo wa Katonga, huona mji wa pili ukielea juu ya Ziwa Tanganyika. Ni taa za wavuvi wa dagaa. Siku hizi nyingi ni za betri na za nguvu ya jua, lakini kwa miongo mingi mwanga huo ulitoka kwenye karabai, taa ya mafuta ya taa inayopigwa pampu. Ndani ya kioo chake kilining'inia kifuko cheupe kilichong'aa kwa ukali hadi dagaa wakapanda kutoka kilindini.

Kifuko hicho kilibuniwa na Carl Auer von Welsbach, mkemia wa Austria aliyefariki mwaka 1929. Jina lake si geni kwa wanafunzi wa kemia barani Ulaya, na picha yake iliwahi kuchapishwa kwenye noti ya Austria. Katika mwambao wa Kigoma ni wachache wanaomjua, ingawa kazi yake imepita mikononi mwa maelfu ya wavuvi.

Auer anatuhusu kwa jambo la pili pia. Vitu alivyovichambua maisha yake yote ni vile tunavyoviita leo madini adimu. Baada ya kifo chake, mchanganyiko alioutengeneza kutokana na madini hayo uliingizwa kwenye matanuru ya chuma, na ukasaidia kupata chuma cha pua chenye nguvu kisichopasuka ovyo. Madini ya aina hiyo yamo katika ardhi ya Burundi, si mbali na ziwa hilihili, na pia katika mkoa wa Songwe nchini Tanzania.

Mtoto wa mchapaji

Carl Auer alizaliwa Vienna tarehe 1 Septemba 1858. Mwaka huohuo, mwezi Februari, Waingereza Richard Burton na John Speke waliwasili Ujiji kwa njia ya misafara iliyokuwa ikitumiwa na wafanyabiashara wa pwani muda mrefu kabla yao. Wakati huo Ujiji ilikuwa tayari soko la chumvi, pembe, samaki na watumwa.

Baba yake, Alois Auer, alikuwa mkuu wa kiwanda cha uchapaji cha serikali mjini Vienna. Alikuwa mtu wa kubuni mambo, na kwa utumishi wake alipewa cheo cha heshima, ndipo jina la von Welsbach likaingia katika ukoo. Alifariki mwaka 1869, mwanawe akiwa na umri wa miaka 10.

Baada ya shule na utumishi wa jeshi, Carl alianza kusoma sayansi Vienna. Mwaka 1880 alikwenda Heidelberg, Ujerumani, kusoma chini ya Robert Bunsen. Bunsen na mwenzake Gustav Kirchhoff walikuwa wamegundua kwamba kila elementi ikichomwa hutoa rangi zake yenyewe, na rangi hizo zikipitishwa kwenye kioo cha pembetatu hujipanga kwa mistari. Mistari hiyo ni kama alama za vidole: hakuna elementi mbili zenye mistari inayofanana. Kijana Auer aliimudu mbinu hiyo vizuri, akapata shahada ya udaktari mwaka 1882 na kurejea Vienna.

Alirudi na hamu ya kuchunguza kundi la vitu ambavyo wanakemia wengi waliviogopa. Viliitwa madini adimu, ingawa baadhi yake si adimu hata kidogo. Seriamu, kwa mfano, ipo kwa wingi unaokaribia ule wa shaba katika ardhi ya dunia. Ugumu wake ni kwamba elementi hizi huishi pamoja ndani ya jiwe moja na hufanana mno kitabia. Dawa inayoyeyusha moja huyeyusha na nyingine. Kuzitenganisha ni kama kutenganisha mapacha waliovaa sare.

Mapacha wawili

Mwaka 1885 Auer alifanya lile lililowashinda wengine. Wanakemia walikuwa wakiamini kwamba kitu kilichoitwa didimiamu ni elementi moja. Yeye alishuku kuwa ni mbili.

Njia aliyotumia inaweza kueleweka na yeyote aliyewahi kuona kazi ya chumvi Uvinza. Maji ya chumvi yakichemshwa, hufika hatua ambapo fuwele huanza kujitenga na maji. Auer aliyeyusha chumvi za didimiamu, akaziacha zijenge fuwele, akatenga fuwele za kwanza na maji yaliyobaki. Fuwele zile zilikuwa na kidogo zaidi cha kitu kimoja, na maji yale yalikuwa na kidogo zaidi cha kingine. Tofauti ilikuwa ndogo sana. Basi akayeyusha tena, akatenga tena, kwa muda wa miezi mingi.

Mwishoni upande mmoja ulibaki na chumvi za rangi ya kijani na upande wa pili chumvi za zambarau. Elementi ya kwanza aliiita praseodimiamu, jina la Kigiriki lenye maana ya pacha wa kijani. Ya pili aliiita neodimiamu, pacha mpya. Wapo waliokuwa na mashaka, lakini Bunsen, mwalimu wake, aliyakubali matokeo.

Wakati huo hapakuwa na mtu aliyejua kazi ya elementi hizo. Leo sumaku kali zilizomo ndani ya mota za magari ya umeme na mitambo mingi ya upepo hutengenezwa kwa neodimiamu na praseodimiamu.

Kifuko cheupe

Akiwa katika kazi hiyohiyo, Auer aliona jambo lingine. Chumvi za madini adimu zikiwekwa kwenye moto wa gesi zilitoa mwanga mkali kuliko moto wenyewe. Miji ya Ulaya wakati huo iliwashwa kwa gesi, lakini miale yake ilikuwa hafifu ya manjano. Auer akawaza: badala ya kutegemea mwanga wa moto, kwa nini moto usitumiwe kupasha joto kitu kingine ambacho ndicho kitakachong'aa?

Alichovya kitambaa cha pamba katika maji yenye chumvi hizo, akakikausha na kukichoma. Pamba ikaungua, lakini umbo la nyuzi likabaki, sasa likiwa jivu gumu la madini. Jivu hilo likining'inizwa ndani ya moto lilitoa mwanga. Aliisajili hataza yake mwaka 1885, na kiwanda kikafunguliwa Atzgersdorf, karibu na Vienna.

Kazi haikwenda vizuri. Vifuko vilivunjika upesi na mwanga wake ulikuwa wa kijanikijani, wateja hawakuupenda. Mwaka 1889 kiwanda kilifungwa. Wengi wangeachia hapo, lakini Auer alirudi maabara na kuanza kupima upya michanganyiko yake. Aligundua kwamba thoriamu, iliyokuwa ikimpa mwanga mzuri, ilizidi kufifia kadiri alivyozidi kuisafisha. Uchafu uliokuwa ukiondolewa ndio uliokuwa ukileta mwanga, na uchafu huo ulikuwa seriamu.

Hesabu aliyofikia mwaka 1891 ni thoriamu asilimia 99 na seriamu asilimia 1. Bila seriamu, kifuko kilibaki hafifu. Ikizidishwa, mwanga ulipungua tena. Tarehe 4 Novemba 1891 taa ya aina hiyo iliwashwa hadharani nje ya mkahawa mmoja Vienna, na katika miaka michache ikaenea katika miji ya Ulaya na kwingineko.

Taa ya Auer ilihitaji bomba la gesi, jambo ambalo Ujiji halikuwepo. Lakini mwaka 1910 Max Graetz wa Berlin alitengeneza taa ya mafuta ya taa inayotumia shinikizo la pampu, iliyojulikana kama Petromax. Mafuta hugeuka mvuke, huungua kwa moto mkali usio na mwanga mwingi, na kifuko cha Auer ndicho kinachong'aa. Hiyo ndiyo karabai. Aliyewahi kuitumia anajua kwamba kifuko kikishachomwa mara ya kwanza hakiguswi tena, maana kinabomoka kama majivu ya karatasi. Thoriamu hutoa mionzi kidogo, na ndiyo sababu watengenezaji wengi wa siku hizi wameiacha na kutumia madini mengine.

Kabla ya karabai, wavuvi wa Tanganyika waliwasha kuni mbele ya mitumbwi na kuwateka dagaa kwa nyavu za lusenga. Karabai ilileta mwanga ulioingia ndani zaidi ya maji na kudumu usiku kucha. Pamoja nayo zikaja nyavu kubwa zaidi na vyombo vilivyounganishwa viwili viwili, vinavyoitwa vipe. Dagaa wa Kigoma akawa bidhaa ya kusafirishwa kwa gunia hadi miji ya mbali.

Rundo la taka

Mafanikio ya kifuko yalizaa tatizo. Thoriamu ilipatikana katika mchanga wa monazaiti, uliochimbwa zaidi Brazil na baadaye India. Katika mchanga huo thoriamu ni sehemu ndogo, na sehemu kubwa ni seriamu, lanthanamu na ndugu zao. Kila vifuko vilipotengenezwa, rundo la madini adimu lisilo na mnunuzi liliongezeka nje ya kiwanda.

Auer hakuliona rundo lile kuwa taka. Mwaka 1898 alinunua majengo ya kiwanda cha zamani cha chuma huko Treibach, katika jimbo la Kärnten kusini mwa Austria, akayageuza kuwa mahali pa majaribio. Hapo yeye na wasaidizi wake walitengeneza metali kutokana na mabaki hayo bila kuzitenganisha moja moja. Karibu nusu ya mchanganyiko huo ni seriamu, robo hivi ni lanthanamu, na iliyobaki ni neodimiamu, praseodimiamu na nyingine. Kwa Kijerumani unaitwa Mischmetall, yaani metali mchanganyiko.

Metali hiyo peke yake ni laini. Auer aliichanganya na chuma kwa kiasi cha asilimia 30 hivi, ikawa ngumu, na ikikwaruzwa hurusha cheche za moto mkali. Hataza yake ni ya mwaka 1903, na mwaka 1907 ikaundwa kampuni ya Treibach ya kuitengeneza. Hilo ndilo jiwe dogo la kiberiti cha gesi, lile ambalo kigurudumu hulikwaruza kwa dole gumba. Mvuvi aliyewasha karabai yake kwa kiberiti cha aina hiyo alitumia uvumbuzi wa Auer mara mbili kwa tendo moja.

Hapa ndipo seriamu na chuma zilipokutana kwanza kibiashara. Lakini huko chuma kiliongezwa ndani ya madini adimu. Kinyume chake, kuongeza madini adimu kidogo ndani ya chuma, kilikuja kuwa kazi ya wengine.

Ushindi na kushindwa

Auer alifanya mengine pia. Alitengeneza taa ya umeme yenye waya wa osmiamu, iliyoingia sokoni mwaka 1902, na jina la Osram, linalounganisha osmiamu na wolfram, lina asili yake hapo. Mwaka 1901 alipewa cheo cha ubaroni. Alikuwa amefunga ndoa na Marie Nimpfer mwaka 1899, wakapata watoto wanne.

Hakushinda kila mara. Aliigawa itabiamu, elementi nyingine ya kundi hili, katika sehemu mbili, akazipa majina ya nyota. Lakini Mfaransa Georges Urbain alitangaza matokeo kama hayo mwaka 1907, na mwaka 1909 kamati ya kimataifa ikampa Urbain haki ya ugunduzi. Wanakemia wa Ujerumani na Austria waliendelea kwa miaka mingi kutumia jina la Auer, hadi hatimaye jina la Urbain, lutetiamu, likabaki peke yake.

Alifariki tarehe 4 Agosti 1929 katika makazi yake ya Welsbach, jimbo la Kärnten, akiwa na miaka 70. Kiwanda cha Treibach kipo hadi leo na bado kinashughulika na madini adimu. Katika mji jirani wa Althofen kuna jumba la makumbusho lenye jina lake.

Meli ya chuma cha zamani

Ili kuelewa madini adimu yalikuja kufanya nini ndani ya chuma, turudi kwenye bandari ya Kigoma. Mwaka 1913, Auer akiwa hai, kiwanda cha meli cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, kilijenga meli ya Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande, ikapakiwa katika masanduku elfu kadhaa, ikafika Dar es Salaam na kupandishwa reli hadi Kigoma, ambako iliungwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe, baada ya kuipaka mashine zake grisi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari mpya kwa jina la Liemba.

Sahani zake za chuma zilishikanishwa kwa ribiti, ile misumari mifupi inayogongwa ikiwa ya moto. Chuma cha enzi hizo kwa kawaida kilibeba salfa nyingi kuliko cha leo, na salfa ni adui wa chuma. Ili kuidhibiti, wafua chuma waliongeza manganisi, ambayo huishika salfa na kufanya nayo vidonge vidogo ndani ya chuma.

Tatizo la vidonge hivyo ni ulaini wake. Chukua mfano wa chapati. Ukiacha donge la samli ndani ya unga na kuusukuma, donge hutandazwa likawa utepe. Ukiacha punje ya hiliki, hubaki punje. Salfa iliyoshikwa na manganisi ni kama lile donge la samli. Chuma kinapopitishwa moto kati ya magurudumu makubwa kuwa sahani, vidonge hurefuka vikawa nyuzi nyembamba. Chuma hicho huwa imara kikivutwa kufuata nyuzi, lakini dhaifu kikivutwa kukatisha, kama ubao unavyopasuka kirahisi kufuata nyuzi zake. Kila fundi mitumbwi wa Ujiji anaujua udhaifu huo wa mti.

Vipande vya meli ya Titanic, iliyozama mwaka 1912, vilipoopolewa na kuchunguzwa miaka ya 1990, vilikutwa na nyuzi za aina hiyo, na chuma chake kilipasuka kirahisi katika baridi. Liemba ilikuwa na bahati ya maji yenye joto la nyuzi 25 hivi, kwa sababu chuma cha namna hiyo huonyesha udhaifu wake zaidi penye baridi.

Kilo moja ndani ya tani

Chuma kinapotakiwa kuwa na nguvu zaidi, kasoro ndogo huwa hatari kubwa. Chuma laini hujikunja kwanza kabla ya kukatika, na humpa mtu onyo. Chuma chenye nguvu nyingi, cha madaraja, mabomba ya gesi, winchi na fremu za magari, kinaweza kupasuka ghafla pale ufa unapopata mahali pa kuanzia. Nyuzi za salfa ni mahali pazuri pa kuanzia.

Ndipo katika miaka ya 1960 na 1970 viwanda vya chuma, hasa Marekani na Japani, vilipoanza kutumia metali mchanganyiko ya Auer kwa wingi. Kiasi chenyewe ni kidogo: takribani kilo moja au pungufu kwa tani nzima ya chuma kilichoyeyuka. Seriamu na lanthanamu hupenda oksijeni na salfa kuliko manganisi inavyozipenda, hivyo huzinyakua. Misombo inayotokea huyeyuka kwenye joto la juu sana kuliko la chuma. Ni migumu, midogo, ya mviringo. Chuma kikisukumwa kuwa sahani, haitandazwi. Ni punje za hiliki, si donge la samli.

Matokeo yake ni kwamba sahani hupata nguvu inayokaribia kulingana pande zote. Hukunjwa bila kupasuka kwenye kona, na hupokea kishindo vizuri zaidi hata penye baridi. Kuna faida nyingine inayohusu hidrojeni. Gesi hii huingia ndani ya chuma wakati wa kuchomelea, hasa fimbo za kuchomelea zikiwa na unyevu, au chuma kinapopata kutu. Katika chuma chenye nguvu nyingi, hidrojeni hukusanyika sehemu dhaifu na kusababisha ufa saa au siku kadhaa baada ya kazi kukamilika. Chembe za madini adimu, zikiwa zimetawanyika sawasawa, huishika hidrojeni hiyo hapa kidogo na pale kidogo, isipate nafasi ya kujikusanya.

Mapema zaidi, mwaka 1948, watafiti wa Uingereza walikuwa wameonyesha kitu kinachofanana na hicho katika chuma cha kusubu. Seriamu kidogo iligeuza kaboni iliyokaa kama vipande vyembamba kuwa vijiduara, na chuma kilichokuwa kikivunjika kama kigae kikapata unyumbufu.

Dawa hii ina masharti. Ikizidi, chembe hujikusanya kuwa mafungu na kuchafua chuma kilekile ilichokuja kukisafisha. Seriamu huwahi kushikana na oksijeni ya hewa na ya matofali ya tanuru, na mabaki yake yaliziba mara nyingi midomo ambayo chuma hupitia kinapomiminwa. Kwa sababu hiyo, viwanda vingi viligeukia kalisi, ambayo ni nafuu, pamoja na mbinu mpya za kupunguza salfa tangu mwanzo. Matumizi ya madini adimu katika chuma yakapungua.

Hayakuisha. China, yenye madini haya kwa wingi, imeendelea na utafiti. Mwaka 2022 wanasayansi wa taasisi ya metali ya Shenyang walieleza kwamba siri ipo katika oksijeni: chuma na metali inayoongezwa vyote vikiwa na oksijeni kidogo sana, dawa hufanya kazi kwa uhakika na midomo haizibi. Ni somo lilelile la kifuko cheupe. Asilimia 1 iliyopimwa sawasawa ilileta mwanga, na iliyozidi ikauzima.

Mawe ya jirani

Kaskazini mwa Kigoma, ng'ambo ya mpaka, katika vilima vilivyo kusini mwa Bujumbura, kuna Gakara. Mishipa ya mawe yake ni miongoni mwa yenye madini adimu mengi kabisa duniani kwa uzito. Wabelgiji walianza kuyachimba katika enzi ya ukoloni. Uchimbaji ulifufuliwa mwaka 2017 na kampuni ya Rainbow Rare Earths, na mzigo ukawa unauzwa nje ukiwa bado haujatenganishwa. Mwaka 2021 serikali ya Burundi ilisimamisha usafirishaji, kisha uchimbaji, ikilalamika kwamba nchi hailipwi thamani ya haki.

Nchini Tanzania, mradi mkubwa ni wa Ngualla, mkoani Songwe. Mwezi Aprili 2023 serikali na kampuni ya Peak Rare Earths zilitia saini makubaliano yanayoipa serikali hisa za asilimia 16 katika kampuni ya pamoja ya Mamba Minerals. Kinachowavutia wanunuzi huko ni neodimiamu na praseodimiamu, wale mapacha wa mwaka 1885. Seriamu na lanthanamu, ambazo ni nyingi zaidi, hazina bei nzuri. Ni rundo la Auer limejirudia, na ndiyo sababu moja inayofanya watafiti wa chuma wazitafutie kazi upya.

Hapa ndipo maisha ya mkemia huyu yanapogusa mjadala wa leo. Auer hakumiliki machimbo ya Brazil wala ya India. Mchanga ulitoka mbali, na waliouchimba walilipwa bei ya mchanga. Thamani ilizaliwa mahali palipokuwa na ujuzi wa kutenganisha, kupima na kurudia kazi bila kuchoka. Kijiji cha Treibach kilichokuwa kimepoteza kiwanda chake cha chuma kilipata riziki kwa zaidi ya karne moja kutokana na mabaki yaliyokuwa hayatakiwi.

Swali linalozikabili Burundi na Tanzania ni lilelile. Lori likiondoka na mawe, nchi hubaki na shimo na kodi. Ili ibaki na zaidi ya hapo, inahitaji maabara, wanakemia na mafundi wa matanuru, na inahitaji kuwavumilia wakishindwa mara ya kwanza, kama kiwanda cha Atzgersdorf kilivyoshindwa mwaka 1889.

Carl Auer aliishi Ulaya maisha yake yote. Lakini giza la mwezi likiingia Katonga na Kibirizi, na mashua zikaanza kusukumwa majini, kazi yake bado ipo njiani: katika karabai chache zilizosalia, katika jiwe la kiberiti mfukoni mwa mvuvi, na katika maswali ambayo mawe ya nchi hizi yanasubiri kujibiwa.